Kasi ya Kuanzia

Kijiwe cha Nasibu kililetwa mlangoni mwa mkewe, Sihaba, siku moja kabla ya arobaini, kimefungwa kwa kitambaa cheupe kama ilivyo desturi ya mji wa Pangoni. Mjumbe wa Baraza aliyekileta alikuwa mtu mrefu asiyejua afanye nini na mikono yake. Alikiweka mezani, akasema pole, akasema tena pole, kisha akaondoka kwa miruko mirefu, kama watu wa Mwezini wanavyotembea wakitaka kuwa mbali na msiba.

Kilikuwa kipande cha chuma kisichozidi punje ya mahindi. Kwa miaka saba kilikaa ndani ya behewa aliloliendesha Nasibu, kimeshikwa katikati ya springi mbili, na kazi yake ilikuwa moja tu. Behewa likichapuka, kijiwe hubaki nyuma kidogo. Likifunga breki, huegemea mbele. Likienda kwa kasi isiyobadilika, hata iwe kasi ya kutisha, kijiwe hukaa katikati kimya, kama vile behewa limesimama. Pamoja nacho alipewa kumbukumbu yake, kigae chembamba chenye kila mtikisiko wa safari ya mwisho.

Sihaba hakuhitaji kuelezwa. Yeye ndiye aliyekikata, akakipima na kukifunga kwa mikono yake. Alikuwa fundi wa vijiwe, na Nasibu alipomposa alisema mbele ya watu kwamba ameona heri amwoe mwanamke anayejua siku zote mumewe yuko wapi. Watu walicheka, kwa kuwa ulikuwa ukweli mtupu. Ndani ya Mrija, lile handaki refu linaloanzia Pangoni na kuishia Kisimani kwenye barafu, hakuna mwanga wala hewa, na mawimbi ya redio kutoka juu hayapenyi mwamba. Behewa huelea juu ya sumaku, halina gurudumu la kuhesabu mizunguko wala dirisha la kuchungulia. Dereva hujua alipofika kwa sababu kijiwe kimemwambia.

Na siku ile Nasibu alifika Langoni, kwenye mlango wa chuma wa Kisimani, akiwa bado na kasi ya mita hamsini kwa sekunde. Walikufa wanne, yeye na wachimbaji watatu wa barafu.

Mchana kaka yake Sihaba, Rehani, alikuja kumwona kama alivyokuja kila siku tangu msiba. Alikuja na chakula kilichopikwa na mkewe, akakaa kwenye kiti kilekile karibu na mlango, akamuuliza kama amekula. Rehani ndiye aliyemlea. Wazazi wao walipokufa kwa homa ya mapafu, alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa tu, lakini alikataa mdogo wake apelekwe kwa watu. Sasa alikuwa mkuu wa Mnara, yule anayekaa juu ya mdomo wa Mrija na kuruhusu mabehewa kuondoka. Siku ya maziko alibeba jeneza yeye na mtu mmoja tu, maana Mwezini maiti haina uzito mkubwa, na alilia hadi watu wakamshika mabega.

Walizungumza kuhusu kesho. Desturi ilitaka ndugu wa mwenye kosa asimame Langoni siku ya arobaini na kuomba radhi kwa wafiwa wengine. Uchunguzi wa Baraza ulikwisha kusema Nasibu alichelewa kufunga breki kwa sekunde nane, kwa usingizi au kwa uzembe, na Rehani mwenyewe ndiye aliyewafanyia wachunguzi hesabu, kwa kuwa hakuna aliyeijua kama yeye. Sasa alimkumbusha Sihaba maneno aliyomfundisha: aseme kwa ufupi, asimtetee marehemu, watu wakiona unyenyekevu watasahau upesi.

Kabla ya kuondoka alimwekea mkono kichwani. "Msamehe, Siha. Binadamu huchoka. Msamehe ili naye apumzike."

Sihaba alisema amekwisha kumsamehe. Ndivyo alivyoamini.

*

Hakwenda karakana kwa sababu ya shaka. Alikwenda kwa sababu ya upweke. Alikuwa na kijiwe, alikuwa na kigae, na alitaka kusafiri na mumewe kwa mara ya mwisho, ajue kila sekunde alikuwa wapi.

Alikichomeka kigae kwenye mashine ya meza na mstari ukajitokeza kwenye kioo. Ulikuwa mstari wa mchapuko, yaani jinsi kasi ilivyokuwa ikibadilika, si kasi yenyewe. Mwanzoni ulipanda na kukaa juu, Nasibu akiliongeza behewa mwendo. Kisha ukashuka kwenye sifuri na kulala hapo dakika nyingi, behewa likikata Mrija bila kuongeza wala kupunguza. Kisha ukazama chini ya sifuri. Breki. Kisha ukakatika.

Ili kuupata mwendo kutoka kwenye mstari kama huo, unaukatakata vipande vyembamba. Kwa kila kipande unauliza: mchapuko ni kiasi gani, na umedumu muda gani? Ukizidisha, unapata kasi iliyoongezeka katika kipande hicho. Unajumlisha vipande vyote hadi hapo ulipo, unaijua kasi. Kisha unairudia kazi ileile juu ya kasi: kila kipande kidogo cha muda, kasi mara muda, unapata umbali, unajumlisha. Mara mbili unajumlisha, na kadiri vipande vinavyokuwa vyembamba ndivyo unavyoukaribia ukweli. Mashine hufanya hivyo kwa kupepesa jicho. Sihaba aliilazimisha ifanye polepole, sekunde kwa sekunde, kama mtu anayetembea na mgonjwa.

Wachunguzi walianzia mwisho, kwenye Lango lililovunjika, wakahesabu kurudi nyuma hadi breki zilipoanza. Yeye alianzia mwanzo. Mwenye msiba huanzia mwanzo.

Alimwona akitoka. Alimwona akifika ungio la kwanza, pale reli mbili za sumaku zinapokutana na behewa hushtuka kidogo. Mshtuko ulionekana kwenye mstari kama kichomo cha sindano. Nasibu alikuwa na mazoea ya kusema "hodi" kila alipopita ungio. Sihaba akaisema kwa ajili yake, peke yake karakanani. Kisha akatazama umbali ambao hesabu ilimpa, na haukuwa umbali wa ungio la kwanza. Ulipungua kwa zaidi ya mita mia mbili.

Aliendelea. Ungio la pili pengo lilikuwa kubwa zaidi, na la tatu kubwa zaidi ya hapo. Sekunde ile Nasibu alipofunga breki, kijiwe kilimwambia yuko pale hasa breki zinapotakiwa kufungwa, si nyuma wala mbele ya hapo. Lakini kwa kweli alikuwa amepita mahali hapo kwa mita elfu moja na mia mbili. Kwa kasi aliyokuwa nayo, ndizo sekunde nane alizodaiwa kulala.

Sihaba alikaa chini. Mumewe hakuchelewa. Alifunga breki alipoambiwa afunge, na aliyemwambia ni kijiwe, na kijiwe kilikatwa na yeye Sihaba.

Alikitazama kile kipande cha chuma juu ya kitambaa cheupe, akajiona akikipima siku ile, akitafuta pale mkono wake ulipokosea. Alikaa hivyo muda mrefu hadi Bi Kidawa, jirani yake, alipoingia bila kubisha. Mwanawe Bi Kidawa, Shauri, alikuwa mmoja wa wale wachimbaji watatu, na tangu msiba bibi huyo alikuwa akija kukaa na Sihaba kana kwamba hakuna kosa kati yao. Alimimina chai kutoka kwenye chupa yake, akamtazama usoni, akauliza nani mwingine amekufa.

Sihaba alisema huenda kijiwe kiliharibika. Huenda ni yeye aliyewaua wote.

Bi Kidawa alikunywa chai yake kwanza. "Mimi hesabu zenu sizijui," alisema. "Lakini umeharibu vijiwe vingapi maishani mwako, mwanangu?"

"Viwili. Nilipokuwa nikijifunza."

"Vilivyoharibika vilifanyaje?"

Lilikuwa swali la mtu anayetaka tu kumfanya aliyefiwa aongee. Lakini Sihaba alipofungua mdomo kujibu, aliona jibu lenyewe. Kijiwe kibovu hudanganya kuhusu mchapuko. Uongo wake unajumlishwa mara mbili, kwa hiyo makosa huanza madogo kisha hupinda kwenda juu, yakikua upesi zaidi na zaidi, kama mgongo wa paka aliyeshtuka. Alirudi kwenye kioo. Aliweka nukta moja kwa kila ungio: muda upande wa chini, pengo upande wa juu. Akaegemeza ukingo wa rula.

Nukta zote zililala kwenye ukingo. Mstari ulionyooka, bila kupinda hata kidogo.

Pengo lililonyooka namna ile halitoki kwenye mchapuko. Linatoka kwenye kasi, kasi moja isiyobadilika ambayo behewa lilikuwa nayo kabla hesabu haijaanza na ambayo hakuna aliyeiweka kwenye hesabu. Alipima mwinuko wa mstari ule. Mita mbili kwa kila sekunde. Kijiwe kilikuwa kizima. Kilisema kweli toka mwanzo hadi mwisho. Kitu ambacho kijiwe hakiwezi kukisema, kwa namna kilivyoumbwa, ni kama safari ilianza ukiwa umesimama. Hilo lazima aliseme mtu.

Hayo alifundishwa akiwa na miaka minane, akisukuma gari la bati sakafuni. Mashine inajua kubadilika tu, aliambiwa. Ulianza vipi, uliza mwenye macho. Aliyemfundisha ni Rehani.

Bi Kidawa alimwona akikifunga kijiwe ndani ya kitambaa chake taratibu sana. Akamuuliza kama sasa anaweza kunywa chai. Sihaba alisema ndiyo, akainywa yote, na hakuhisi ladha yake.

*

Kutoka Mnarani unauona Ukanda wote. Ni njia pana inayosogea usiku na mchana, ikiyachukua mabehewa kutoka ghalani hadi kwenye mdomo wa Mrija, kwa mita mbili kila sekunde. Kila mtu Pangoni anaijua kasi hiyo miguuni mwake, kwa kuwa kila mtu amewahi kuruka juu yake akichelewa kazini. Sheria inasema behewa likifika mdomoni, Ukanda usimamishwe. Dereva, aliyefungiwa ndani bila dirisha, huuliza redioni, "Mnara, nimetulia?" Mnara ukijibu, "Umetulia," hubonyeza sifuri, na kuanzia hapo kijiwe huhesabu. Ukanda ukiwa bado unasogea, dereva hawezi kujua. Mwendo usiobadilika hausikiki mwilini.

Rehani alikuwa peke yake. Alipomwona mdogo wake alivuta kiti, akamwambia amekonda. Sihaba hakukaa. Alimwambia habari ya maungio, na ya rula, na ya mita mbili, kwa sauti ileile aliyokuwa akimsomea majibu ya hesabu utotoni. Hakumaliza. Aliona kaka yake amekwisha kufika kwenye jibu kabla yake, kama siku zote.

Alipoanza kusema alisema chini chini, akitazama vyombo. Injini ya Ukanda ilikuwa imezeeka. Ukiisimamisha, ilikataa kuwaka tena, wakati mwingine nusu siku nzima, na Pangoni palikuwa na maji ya siku chache tu. Akaanza kujibu "umetulia" bila kuusimamisha, kwanza kwa mabehewa yanayokwenda karibu, karakana ya kwanza na ya pili, ambako mita mia si kitu. Huko hakuna lango la kugonga, na behewa likipitiliza kidogo hurudishwa tu. Hapakutokea lolote. Mkono ukazoea. Siku ile mabehewa yalikuwa sita kwenye foleni, na sauti zote redioni zilikuwa zikifanana. Alisema "umetulia" na hakujua kwamba huyo ni Nasibu wa kwenda Kisimani hadi mkia wa behewa ulipopotea ndani ya Mrija. Na ndani ya Mrija redio haifiki.

"Dakika kumi," Rehani alisema. "Nilikaa hapa dakika kumi na zaidi nikijua. Hakuna anayejua dakika hizo zilivyo."

Sihaba alimwambia kwamba yeye anazijua. Amezipita leo, sekunde moja moja.

Kisha akamuuliza jambo lililomchoma kuliko yote. Si kwa nini alikosea. Alimuuliza kwa nini alimwambia amsamehe Nasibu.

Rehani alifunika uso. Aliposema tena alikuwa akisihi. Adhabu ya jambo kama hili ni kurudishwa duniani, na wote wawili walikuwa wazaliwa wa Mwezini. Mifupa yao haikuumbwa kwa uzito ule. Mwanamke wa mwisho kurudishwa hakumaliza mwaka, alikufa amelala chali asiweze kuinua kijiko. Ana mke, ana watoto watatu wanaomwita Sihaba shangazi. "Nasibu hawezi kurudishwa popote, mdogo wangu. Lawama haimuumizi tena. Mimi itaniua." Akasema pia kwamba ameacha. Tangu siku ile, aliapa kwa wazazi wao, kila behewa limetulizwa kwa haki.

Sihaba alimsikiliza, na ndani yake kitu kilianza kulegea. Huyu ndiye aliyelala njaa ili yeye ale. Marehemu ni marehemu. Angeweza kesho kusema yale maneno mafupi, Nasibu akabaki na sekunde zake nane, na watoto wakabaki na baba. Alijiona akifanya hivyo. Alikuwa karibu kabisa.

Redio ikakwaruza. Sauti ya dereva, yenye usingizi kidogo, ikauliza, "Mnara, nimetulia?"

Chini, Ukanda ulikuwa unasogea na behewa juu yake. Kulikuwa na wenzo wa kusimamisha upande wa kushoto na maikrofoni upande wa kulia. Mkono wa Rehani ulikwenda kulia. Ulikwenda wenyewe, kwa wepesi wa mkono unaojua njia, na midomo yake ilikuwa imekwisha kufunguka kutoa lile neno. Ndipo akakumbuka nani amesimama nyuma yake. Mkono ukasita hewani, ukavuka, ukavuta wenzo. Ukanda ukanguruma ukasimama.

Hawakutazamana.

"Subiri," Rehani alimwambia dereva. Baada ya muda akasema, "Umetulia."

Sihaba alikwisha kufika mlangoni. Alimwambia, bila kugeuka, kwamba kesho nafasi ya kusema itakuwa ya kaka yake kwanza. Yeye angengoja.

*

Langoni walikusanyika watu wengi kuliko ilivyotarajiwa. Mlango mpya wa chuma uling'aa. Ule wa zamani ulikuwa umeegemezwa ukutani, na shimo lake limepambwa kwa vitambaa vyeupe. Dua ilisomwa. Mwenyekiti wa Baraza, Mzee Tungaraza, alisema maneno machache kuhusu uvumilivu, kisha akauliza kama yupo ndugu mwenye la kusema.

Rehani alikuwa safu ya mbele na wanawe. Sihaba alimtazama, akangoja. Aliwangoja hata wale waliokuwa wakikohoa wamalize. Kaka yake aliinua macho mara moja, akamwona, kisha akainama kumfunga mtoto mdogo kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri.

Basi akasimama yeye.

Alikuwa na kijiwe mkononi. Hakumtaja mtu. Alisema mume wake alipewa kazi ya kujumlisha, naye alijumlisha vizuri hadi mwisho. Alisema Nasibu hakulala na hakuchelewa. Alifunga breki pale hasa alipotakiwa kuzifunga, ila hesabu yake ilianza na uongo ambao hakuwa na dirisha la kuuona. Akaeleza habari ya nukta na rula kwa maneno ambayo Bi Kidawa angeweza kuyafuata, na alimwona Bi Kidawa akiyafuata, midomo ikisogea.

"Alianza safari akiwa tayari anakwenda," alisema, "na aliambiwa ametulia. Alikuwa anakwenda mita mbili kwa sekunde."

Aliwaona wakiitafuta kasi hiyo, mmoja mmoja, si vichwani bali miguuni, wakiruka juu ya Ukanda asubuhi wakichelewa. Kulikuwa na mnong'ono mmoja upande wa madereva. Kisha vichwa vikaanza kugeuka kuelekea safu ya mbele, na mke wa Rehani akawavuta watoto karibu naye, bado hajajua kwa nini.

Rehani alisimama polepole. Hakukana. Alimtazama mdogo wake kama mtu anayetazama kitu alichokitengeneza mwenyewe, kikifanya kazi barabara.

"Umekokotoa sawa," alisema.

Wajumbe wa Baraza walimkaribia pande zote mbili, bila kumshika. Mtoto yule wa mwisho alimwita baba yake, akaita tena, kisha akamkimbilia Sihaba na kumkumbatia mapaja, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kufanya kila alipoogopa. Sihaba aliweka mkono wake juu ya kichwa kile kidogo.

Bi Kidawa alikuja akasimama upande wake wa pili, mabega yakigusana. Watu walianza kuondoka. Sihaba aliona miguu yake imekaa imara juu ya mwamba, mwili wake mzima kimya, hakuna kitu kinachomsukuma mbele wala kumvuta nyuma. Kama dereva angemuuliza wakati ule, angesema ametulia. Akakifumba kijiwe mkononi kwa nguvu, maana alijua sasa kwamba mtu huhisi hivyohivyo hata akiwa kwenye mwendo ambao hauna breki.